Maneno ya nyuma ya picha: namna ya kuskani na kuhariri bila ya kupoteza maelezo

Picha ya kwanza niliyoitoa katika bweta la bibi ina ukubwa wa kiganja, na kingo zake zimekatwa meno meno kwa mapambo. Mbele wamesimama wanawake watatu chini ya mwembe, mmoja ameshika mtoto. Nyuma pana mstari mmoja wa penseli, kwa herufi za Kiarabu lakini Kiswahili kitupu: "Sikukuu ya Mfunguo Mosi 1380, Wete. Aliyeshika mtoto ni mimi." Uondoe mstari ule, na hiyo inakuwa picha ya wanawake watatu na mwembe.

Niliziskani zote, nikaandika maelezo ya kila moja ndani ya faili lake, kisha nikapeleka mafaili kwenye duka moja la picha mjini waondoe madoa na mikwaruzo. Yalirudi yanang'aa. Maelezo yote yamefutika, kwa sababu kila picha ilifunguliwa na kuhifadhiwa upya kwa programu isiyobeba maelezo, na mimi sikuwa nimeweka nakala pembeni. Bibi katika muda huo alishatangulia mbele ya haki. Yaliyoandikwa nyuma ya karatasi tuliyasoma tena, alhamdulillahi. Lakini yale aliyonisimulia kwa mdomo tumekaa barazani, nami nikayaandika ndani ya faili peke yake, hayakurudi mpaka leo. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yeyote mwenye bweta kama lile nyumbani, Unguja au Pemba, ambaye bado ana mzee wa kumuuliza.

Maelezo yanakaa wapi

Faili la picha lina sehemu mbili: picha yenyewe, na maandishi yaliyofichwa pamoja nayo, ambayo wataalamu huyaita metadata. Maandishi hayo yana vyumba vitatu. Exif, iliyotoka Japani mwaka 1995, hujazwa na kamera au skana yenyewe: aina ya chombo, tarehe, saa, na kwa simu hata mahali. IPTC ilitokana na kazi za vyombo vya habari: maelezo ya picha, jina la mpigaji, mji, haki. XMP ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2001, na ndiyo ninayoipendelea kwa picha za zamani kwa sababu mbili. Inapokea herufi za Kiarabu bila ya kuziharibu, na inakubali tarehe isiyo kamili, yaani mwaka peke yake, au mwezi na mwaka.

Jina la faili na tarehe unayoiona kwenye folda si metadata. Hiyo tarehe ya folda inaweza kubadilika kwa kunakili tu kutoka flashi moja kwenda nyingine, kwa hiyo usiitegemee kwa lolote.

Hatua ya 1: Kaa na mzee kabla ya kuwasha skana

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na haina programu ya kuirudisha. Chukua picha kumi tu kwa siku moja, usimchoshe. Uliza nani kasimama wapi kuanzia kushoto, nani alipiga, ilikuwa siku gani, nyumba ile nyuma ilikuwa ya nani. Mwulize na kanga: nyingi zinasomeka ukiikuza picha, na jina la kanga huwakumbusha wazee mwaka iliyotoka. Mama yangu mkubwa hakukumbuka arusi moja mpaka alipoisoma kanga ya mama wa bibi arusi, na hapo akataja hata mpishi.

Andika alivyosema yeye, kwa maneno yake, na uandike kuwa ni yeye aliyesema. Wazee wawili wakikhitalifiana, weka kauli zote mbili.

Tazama na muhuri wa studio nyuma ya picha. Muhuri wa Capital Art Studio, iliyoanzishwa Mji Mkongwe na Ranchhod Oza mwaka 1930, unakwambia mara moja kuwa karatasi hiyo si ya kabla ya 1930. Jina la studio liingie kwenye nafasi ya mpigaji picha, kwa tahajia ile ile ya muhuri. Na mandhari nayo ni ushahidi: ukiona majumba ya Michenzani nyuma ya watu, hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1970.

Hatua ya 2: Skani mbele na nyuma

Futa kioo cha skana kwa kitambaa kikavu kila baada ya picha chache. Picha iliyoota ukungu, na kwetu masika haibakishi albamu, ipangushe kwa brashi laini nje ya nyumba kabla ya kuigusisha kioo. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue; iskani ikiwa ndani ya kioo chake.

Picha ya karatasi iskani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, na uihifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoa faili la kiasi cha megabaiti 25, na ile ndogo ya sentimita 6 kwa 9 kiasi cha 9. Negativu ya milimita 35 inahitaji nukta zaidi. Kwa 2400 utapata picha ya pikseli kama 3400 kwa 2270, inatosha kuchapisha vizuri. Zima vitufe vyote vya kujisafisha na kujirekebisha rangi. Usikate kingo.

Kisha igeuze, uskani nyuma yake kwa kiwango hicho hicho, hata kama unaona hamna kitu. Penseli iliyofifia mara nyingi huonekana vizuri ukiongeza utofauti wa mwanga kwenye kompyuta. Majina yafuatane: WETE-0001-mbele.tif na WETE-0001-nyuma.tif. Usiweke nafasi wala alama za ajabu katika jina.

Unaweza kutumia simu kama huna skana, lakini jua kuwa simu itaandika tarehe ya leo na, kama umewasha huduma ya mahali, itaandika na pale ulipo. Picha ya Wete ya 1961 itajitambulisha kuwa ni ya Fuoni wiki iliyopita. Izime kabla ya kuanza.

Hatua ya 3: Tarehe, na hapa usiende mbio

Skana haijui picha ni ya lini. Inachojua ni siku uliyoiskani, na hiyo huiandika. Exif ina nafasi mbili tofauti kwa ajili hii: DateTimeOriginal ni wakati picha ilipopigwa, na DateTimeDigitized ni wakati ilipogeuzwa kuwa faili, ambayo programu ya ExifTool huiita CreateDate. Tarehe ya skana iache kwenye hiyo ya pili, ina faida yake. Ya kwanza ndiyo unayotakiwa kuijaza wewe.

Sasa urudi kwenye mstari wa bibi: Sikukuu ya Mfunguo Mosi 1380. Kompyuta haijui Hijria. Ukiandika 1380 kwenye nafasi ya mwaka, itakubali bila ya kulalamika, na picha yako itakuwa ya zama za kabla ya Vasco da Gama kupita pwani hii. Kwa kukisia haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kwa 1380 unapata 1960 na ushei, na kweli mwaka ule ulianza Juni 1960. Lakini usiishie hapo. Mfunguo Mosi si mwezi wa kwanza. Ni Shawwal, mwezi wa kumi wa Hijria, kwa kuwa sisi huhesabu tangu kufungua Ramadhani. Kwa hiyo sikukuu ile iliangukia katikati ya Machi 1961. Kijana aliyesoma "mosi" akaweka Januari amekosea, na aliyeweka Juni 1960 kwa kudhani ni Muharram naye amekosea. Muharram ni Mfunguo Nne. Mfunguo Sita ndio wa maulidi, na picha za maulidi ni nyingi katika mabweta ya watu.

Siku yenyewe usiiandike kama huna uhakika, maana mwandamo unaweza kusogea siku moja na hesabu ya kompyuta haikuwepo kuuona mwezi Wete. Andika mwezi na mwaka.

Yapo na mengine mawili ya namna hii. Mtu akiandika "arusi, usiku wa Ijumaa", usiku huo kwa hesabu yetu umeanza Alkhamisi Magharibi, kwa hiyo kwenye kompyuta ni Alkhamisi. Na saa: "saa nne asubuhi" iingie 10:00, si 04:00. Nimeona albamu nzima ya mahafali ya skuli imepangwa alfajiri kwa kosa hili.

Maneno yenyewe ya nyuma ya picha, na Hijria yake, yanakiliwe kama yalivyo katika maelezo. Tarehe ya Miladia ni tafsiri yako wewe. Mstari wa bibi ndio asili, na siku moja mtu anaweza kuisahihisha hesabu yako kwa kuusoma.

Exif, tofauti na XMP, inadai siku kamili. Wengi hujaza tarehe 1 Januari na kuendelea. Mimi siifanyi hivyo kwenye faili la asili, humo tarehe naiweka kwenye XMP peke yake, kwani baada ya miaka kumi hakuna atakayejua kuwa ilikuwa kukisia. Kwenye nakala ya kutuma naweza kuiweka, ili simu za watu ziipange picha mahali pake, na maelezo yaseme wazi kuwa tarehe ni ya kukadiria.

Hatua ya 4: Andika ndani ya faili

Ukipenda dirisha la kubofya, tumia digiKam, programu ya kupanga picha, ni ya bure. Kwenye mipangilio yake hakikisha umeiambia iandike maelezo ndani ya mafaili, si kwenye hifadhidata yake peke yake; vinginevyo siku ukibadilisha kompyuta maelezo yanabaki nyuma. Herufi za Kiarabu ziandikie humo, kwa sababu dirisha la amri la Windows huzivuruga.

Kwa picha nyingi kwa pamoja, hakuna kinachoishinda ExifTool ya Phil Harvey, nayo ya bure, iliyopo tangu 2003. Haina vitufe, unaandika amri. Mfano wa picha ya bibi, yote kwa mstari mmoja:

`exiftool -XMP-dc:Description="Nyuma: Sikukuu ya Mfunguo Mosi 1380, Wete. Aliyeshika mtoto ni bibi, kwa kauli yake." -XMP-photoshop:DateCreated="1961:03" WETE-0001-mbele.tif`

Inaandika maelezo bila ya kuigusa picha yenyewe, kwa hiyo hata JPEG, aina ya faili ndogo ambayo hupungua ubora kila ikihifadhiwa upya, haipungui. Na kila mara inaacha faili la zamani pembeni, limeongezewa neno _original. Usiyafute hayo mpaka umekagua kazi.

Ukitaka kuweka mahali kwa vipimo vya ramani, kumbuka sisi tuko kusini ya ikweta. Mji Mkongwe ni kiasi cha nyuzi 6.16 kusini na 39.19 mashariki:

`exiftool -GPSLatitude=6.16 -GPSLatitudeRef=S -GPSLongitude=39.19 -GPSLongitudeRef=E picha.tif`

Ukiisahau ile S, picha yako ya Forodhani inahamia Ethiopia. Majina ya mahali andika la sasa na la zamani kwa pamoja, Forodhani na Jubilee Gardens, Wete na Weti, ili anayetafuta kwa jina analolijua yeye aipate.

Hatua ya 5: Kuhariri

Faili la TIFF lililotoka kwenye skana, likishaandikwa maelezo, halifunguliwi tena kwa kuhaririwa. Lifanyie nakala, uhariri nakala. Sheria hii peke yake ingeniokoa mimi.

Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, unapotoa picha kama JPEG au TIFF, dirisha la mwisho lina visanduku vya kuhifadhi Exif, IPTC na XMP. Vitie alama vyote, na ubora wa JPEG usishuke chini ya 90. Programu nyingi ndogo za simu za kung'arisha picha hazina visanduku hivyo na hufuta kimya kimya. Kupiga picha ya skrini hufuta kila kitu bila ya ubaguzi.

Njia ya uhakika ni kutoiamini programu yoyote ya kuhariri. Maliza kazi yako, kisha yarudishe maelezo kutoka faili la asili:

`exiftool -TagsFromFile WETE-0001-mbele.tif -all:all --Orientation WETE-0001-safi.jpg`

Hiyo --Orientation, yenye vistari viwili, inaambia programu isinakili mwelekeo wa picha. Kama uliigeuza picha wakati wa kuhariri na mwelekeo wa zamani ukarudi, bibi atalala ubavu kwenye simu za watu wote. Kisha kagua kwa macho:

`exiftool -a -G1 -s WETE-0001-safi.jpg`

Itakuorodheshea kila kilichomo na chumba chake. Ukipeleka picha kwa fundi, mpe nakala tu, na zikirudi pitisha amri ile ya kurudisha. Wala huna haja ya kugombana naye.

Ongeza katika maelezo ulichokibadilisha. Ukifuta ufa uliopita usoni mwa mtu, au ukakisia rangi ya kanga, sema. Mjukuu atakayeiona asije akadhani kanga ile ilikuwa nyekundu.

Hatua ya 6: Kutuma

Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa maelezo. Itume kama hati, kwa alama ile ile ya kuambatisha faili, na itafika nzima. Kundi la ukoo lina tabia ya kusambaza mbele, na yule wa pili ataituma kawaida. Ndiyo sababu kwenye nakala za kutuma mimi naongeza ukanda mweupe chini ya picha na kuandika humo mwaka, mahali na majina. Huo hakuna programu itakayoufuta.

Kabla ya kutuma, fikiria walioko ndani. Picha za ndani za arusi, wanawake hawana buibui, zilipigwa zibaki ndani. Tumia nafasi ya haki, XMP-dc:Rights, uandike: "Ya nyumbani, isitoke nje ya ukoo." Haimzuii mtu kwa nguvu, lakini inamwambia. Na kama ulitia vipimo vya nyumba ya mtu, viondoe kwenye nakala:

`exiftool "-gps*=" nakala.jpg`

Hatua ya 7: Kuweka

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Sisi Mungu ametupa visiwa viwili: diski moja ikae Unguja na nyingine Pemba. Flashi ni ya kubebea, si ya kuwekea. Diski ya nje itie kwenye mfuko uliofungwa vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na usiwe unanakili kwenye kompyuta isiyo na betri; umeme ukikatika katikati, faili linaweza kubaki nusu.

Toa pia orodha ya maelezo yote kwenye faili moja la maandishi, lisomeke hata bila ya programu za picha:

`exiftool -csv -r . > orodha.csv`

Ichapishe kwenye karatasi na uitie ndani ya bweta lenyewe.

Ili ujue miaka ijayo kama faili limeharibika, chukua alama yake ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Kwenye Windows ni `certutil -hashfile WETE-0001-mbele.tif SHA256`. Ichukue baada ya kumaliza kuandika maelezo, kwani ukiongeza hata herufi moja alama hubadilika.

Mwisho, rudi kwa wazee na ile orodha ya karatasi. Mama mkubwa niliposoma namba 0001 alinikatisha: mwembe ule haukuwa wa uwanjani kama nilivyokuwa nimeandika, ulikuwa wa nyuma ya nyumba, na mwenye kamera alikuwa mjomba aliyekuja likizo. Sikuifuta sentensi yangu. Niliongeza ya kwake chini yake, na siku aliyosema, kisha nikachukua alama mpya na kupeleka nakala Wete kwa boti ya Alkhamisi.